Na bati je? Siku kumi Ulaya na mume anayezidisha kila kitu kwa elfu tatu

Wifi yangu aliposikia tunaenda Ulaya alisema maneno mawili tu, "Na bati?" Basi, akaendelea kuchambua mchele. Kwa asiyejua, nyumba yetu ya Chanika huu mwaka wa sita haijapauliwa, ilifika lenta ikagoma hapohapo, na hakuna shughuli ya ukoo itakayopita bila mtu kuulizia bati. Sasa mtu ana boma limeota majani ndani mpaka jirani anafungia mbuzi afu anakwambia anaenda kutembea Paris, hata mimi ningekuwa ndo wifi ningeuliza.

Ila hela yenyewe haikuwa ya bati jamani. Ya kwangu ilitoka kwenye kikoba, miaka mitatu naweka mdogomdogo, na ya baba Nasra ilikuwa malipo ya kazi moja ya ujenzi Kibaha ambayo tulishaihesabu imeliwa, siku hiyo tumekaa tu simu ikalia, hela imeingia. Tuna miaka kumi na mbili kwenye ndoa na fungate yetu ilikuwa siku mbili Bagamoyo na siku ya pili ilinyesha kutwa. Nikamwambia hizi tukizitia kwenye simenti zitayeyuka na paa hatutaliona, bora twende tukatembee. Akawaza wiki nzima. Siku ya nane akasema sawa, ila mimi nataka Berlin.

Berlin? Mimi mtu akinitajia Ulaya naona mnara wa Eiffel na mimi nimesimama mbele yake na gauni langu la njano. Nikamuuliza Berlin kuna nini. Akanijibu kama mtu anayetaja ndugu yake, "Kuna mjusi wetu."

Baba Nasra ni wa Lindi, na watu wa Lindi mjusi wao wanaujua, ni ile mifupa ya dinosaria iliyochimbwa Tendaguru enzi za Mjerumani ikapelekwa kwao mpaka leo, kila baada ya muda swali lake linaibuka bungeni, urudishwe au usirudishwe, afu linalala tena. Mimi Msambaa wa Lushoto mambo ya mijusi hayanihusu. Tukapatana hivi: yeye Berlin yake, mimi Paris yangu, Amsterdam kwa kuwa tiketi ya kuingilia huko ilikuwa rahisi, na Brussels kwa sababu iko njiani tu, maskini, hakuna aliyeichagua.

Viza ndo ilianza kutupa picha. Viza ya Schengen ni moja kwa nchi zote hizo lakini unaiomba kwenye ubalozi wa nchi utakayolala usiku mwingi zaidi, kwa hiyo tukaanza kugombania usiku kama watu wanaogawana mirathi, Paris tatu Berlin nne, nikashindwa. Ada yuro 90 kila mmoja, irudi isirudi viza hela ndo imeenda, bima ya safari yenye fidia isiyopungua yuro 30,000, taarifa ya benki, barua ya kazi, halafu uwaoneshe kwamba una sababu ya kurudi kwenu. Hapo ndo baba Nasra akatoa akili. Akaambatanisha karatasi za kiwanja na picha tatu za boma la Chanika, moja kaipiga mbuzi akiwa dirishani. Sijui nani kule alizitazama ila viza ilitoka, na mpaka leo wifi akianza habari ya bati namwambia bila lile boma tusingekanyaga Ulaya, ashukuru halina paa.

Tukaondoka mwezi wa tano, 2025. Yuro moja siku zile ilikuwa kama elfu tatu na kidogo, na ndugu zangu kama unasafiri na mume fundi ujenzi mwenye kichwa cha hesabu mtafutie dawa kabla ya safari. Maji ya kunywa yuro tatu, "elfu tisa hiyo mama Nasra." Kahawa yuro nne, "elfu kumi na mbili, kikombe chenyewe cha kuoshea macho." Choo cha stesheni yuro moja, hapo akasimama kabisa mlangoni akaniangalia, "elfu tatu kukojoa?" Na ukishalipa hiyo elfu tatu ndani hakuna maji, ni karatasi tu, sisi tuliozoea kopo tukawa tunatembea na chupa tupu kwenye pochi kutoka jiji la kwanza mpaka la mwisho. Hili hakuna anayekwambia kwenye zile video za kusafiri. Beba chupa.

Amsterdam niliipenda kuliko nilivyotegemea ingawa nusu ya muda nilikuwa nakimbia baiskeli. Zina njia yao, nyekundunyekundu hivi, ukisimama pale kupiga picha unasikia kengele tu nyuma na mama mtu mzima kapakia watoto wawili mbele kama mzigo wa nazi anapita hata hakwepi. Nyumba zao ni nyembamba ndefu zimebanana kando ya mifereji, na juu kabisa kila moja ina ndoano, kwa sababu ngazi za ndani ni nyembamba kiasi kwamba kabati halipiti, linavutwa kwa kamba nje na kuingizwa dirishani. Ngazi za hoteli yetu zilikuwa hizohizo. Masanduku mawili, ghorofa ya nne, tulipofika juu hatukusalimiana kwa nusu saa.

Baba Nasra kule alipatwa na wazimu wa kazi yake. Nyumba nyingi zimeinama, nyingine mbele nyingine ubavuni, akawa anasimama kila baada ya nyumba tatu anafumba jicho moja anapima. "Hii imetitia hii." Sababu yake ni kwamba mji wote uko juu ya matope, majengo ya zamani yamesimama juu ya magogo yaliyogongelewa chini mpaka yakakuta mchanga mgumu, ikulu yao ile iliyopo uwanja wa Dam peke yake ina magogo 13,659 na imejengwa karne ya 17. Gogo likibaki ndani ya maji halipati hewa na halianzi kuoza. Mume wangu akalinganisha na boriti za mikoko, kwamba wazee wa pwani nao walijua mti wa kwenye tope na chumvi haufi leo wala kesho, na alivyokuwa anaeleza pale kwa sauti mtu angedhani yeye ndo mwongoza watalii. Nikampiga picha akiwa kapapasa ukuta. Ni picha nzuri kuliko zangu zote.

Brussels tulilala usiku mmoja na mvua ilinyesha kama tumeiletea deni. Tukaenda kumuona yule mtoto anayekojoa, kisanamu maarufu kinachopigwa picha na dunia nzima, tukazunguka vichochoro tukauliza watu watatu, kufika ni kadude hata mita hakifiki, kako kwenye kona watu wamekazunguka na miamvuli. Na siyo hata chenyewe, cha asili kimewekwa makumbusho. Baba Nasra akakitazama akasema, "Huyu mbona anakojoa bure?" Nilicheka mpaka Wachina waliokuwa pembeni nao wakacheka bila kujua tunachocheka.

Jioni tukaenda Matonge, mtaa wa Wakongo, umepewa jina la Matonge ya Kinshasa. Ukiingia tu unasikia harufu ya samaki wa kukaanga, kuna ndizi, kisamvu chao wanaita pondu, vitenge, saluni juu ya saluni, na watu wanaongea kwa sauti kama watu. Wengi ni Kilingala na Kifaransa ila kwenye kimgahawa tulichoingia mama aliyekuwa anahudumia alitusikia tunabishana kuhusu bei akatugeukia, "Muko batu ya wapi?" Mtu wa Bukavu. Alifurahi huyo mama! Akatuambia Kiswahili chetu ni "ya mu bitabu," akatuongezea ndizi ambazo hatukuagiza, akatukalisha karibu na hita tukauke. Hapo mume wangu hakuzidisha kwa elfu tatu, au alizidisha kimoyomoyo.

Sasa Paris yangu.

Mnara ni mrefu mita 330 na ulimalizika 1889, hayo nilishayajua, nisichokijua ni kwamba unaweza kupanda kwa ngazi na bei yake ni ndogo kuliko lifti. Ngazi 674 mpaka ghorofa ya pili. Nani alisema twende kwa ngazi, sitamtaja, ila ni mtu wa Lindi. Kufika ya mia tatu gauni langu la njano limeloa mgongoni, miguu inatetemeka, na yeye yupo mbele anahesabu ribiti, zile pini za kuungia vyuma! Kasoma mahali kwamba zipo milioni mbili na nusu, na kwamba mnara wote ulijengwa kwa miaka miwili, miezi miwili na siku tano. Akasimama akashika chuma akasema taratibu, "Miaka miwili, mama Nasra." Nilijua anawaza Chanika. Nikamwambia hapa hatuji kulia msiba wa boma, twende juu. Tulivyofika nikakaa chini kwenye sakafu kama mtoto aliyegoma shule, na Paris yote iko pale chini imetandazwa, nyeupe nyeupe, mto unapita katikati, na sikuwa hata na nguvu ya kutoa simu.

Usiku tulirudi kuuangalia unavyomeremeta, na hapa niwaambie jambo linalochanganya, mwezi wa tano kule jua linazama saa tatu na nusu usiku. Magharibi saa tatu na nusu! Isha inakaribia saa sita. Mwili unakwambia ni saa kumi na moja jioni, tumbo linakwambia ulishalala. Tulikaa kwenye majani na mkate na jibini tukisubiri giza, saa nne kamili ukawaka wote unacheza kama umemwagiwa nyota, dakika tano, watu wote uwanjani wakapiga yowe, na baba Nasra kwa mara ya kwanza toka tuondoke Dar akanishika mkono hadharani. Miaka kumi na mbili. Sikusema kitu nisije nikamshtua akauachia.

Jumanne tukaenda Louvre kumuona Mona Lisa. Louvre Jumanne imefungwa. Kila Jumanne, imeandikwa kabisa, na aliyekuwa na jukumu la kuangalia ratiba ni mimi. Tulisimama mbele ya ile piramidi ya vioo na wageni wengine kama ishirini waliofanya ujinga uleule, tunaangaliana. Kesho yake asubuhi tuna treni. Kwa hiyo mimi ni mtu niliyefika Paris sikumuona Mona Lisa, na nikwambie ukweli, roho iliuma mpaka saa sita mchana hivi basi.

Tukatembea kwa miguu hadi Notre-Dame, ile kanisa iliyoungua mwezi wa nne 2019 ikafunguliwa tena mwezi wa kumi na mbili 2024, kuingia bure, foleni inakwenda haraka. Ndani mawe yamesafishwa mpaka yanang'aa kama yamechongwa jana, na paa lote la mbao limerudishwa kwa mwaloni na mafundi waliochonga magogo kwa shoka kama ya zamani. Mume wangu aliinua kichwa akakaa hivyo muda mrefu. Miaka mitano na paa la kanisa zima. Safari hii wala hakusema, na mimi nikajifanya naangalia mishumaa. Baadaye tukaenda msikiti mkuu wa Paris, wa 1926, una mnara na bustani na vigae vya Kimoroko, tukaswali alasiri, tukatoka tukanywa chai ya nanaa kwenye kiglasi kidogo chini ya mti na shomoro wanakuja kuiba makombo mezani. Kama una siku moja tu Paris na miguu imekuishia, nenda pale.

Treni ya Paris kwenda Berlin moja kwa moja ilianza mwishoni mwa 2024, safari inachukua kama masaa nane, ya mchana, upande wa Ufaransa inakimbia zaidi ya kilometa 300 kwa saa. Baba Nasra aliitetea treni yetu ya SGR njia nzima. Kwamba yetu 160 ndio lakini viti, kwamba yetu mpya, kwamba hawa walianza zamani. Nikalala.

Berlin haijipendekezi. Ni pana, ina nafasi kubwa kubwa, kuta zimechorwa, watu hawakutazami. Treni za chini hazina geti, unaingia tu, ila tiketi ambayo hujaigonga muhuri ni sawa na huna, faini yuro 60, hesabu hiyo alinipa kabla sijauliza. Tulila kebabu ya Waturuki Kreuzberg siku zote nne, halali na inashibisha. Tukauona ukuta wa Berlin, kipande kilichobaki chenye michoro kina urefu wa kilometa 1.3, fundi akakigonga kwa kidole akasema zege la kawaida sana.

Alhamisi asubuhi alivaa shati alilokuja nalo la harusi za watu. Nikamuuliza vipi leo. Akasema twende makumbusho.

Unaingia mlangoni na hakuna kuandaliwa, ukumbi wa kwanza tu huo hapo. Mimi nilikuwa nimejiandaa kwa mifupa. Sikujiandaa kwa kuinua kichwa, nikainua, nikainua tena, shingo bado inaenda. Mita 13.27, ndiyo mifupa ya dinosaria mirefu kwenda juu kuliko yote iliyosimamishwa duniani. Mguu wake wa mbele peke yake unanipita. Na pembeni kuna wengine wadogowadogo, wenye miiba, wa kukimbia, wengi nao wametoka kilima hichohicho. Watoto wa shule wa Kijerumani wamekaa chini wanachora, na mwalimu wao anasema kitu ndani yake nikadaka neno moja, Tendaguru.

Baba Nasra alikaa kwenye benchi. Alianza kunisimulia kwa sauti ya chini mambo ambayo miaka kumi na mbili hajawahi kunisimulia. Kwamba kuchimba kulianza 1909 mpaka 1913, yaani vita ya Maji Maji imeisha 1907 na njaa yake, watu wa kusini wamekwisha, afu miaka miwili baadaye haohao wanachimba mifupa. Kwamba kila mfupa ulibebwa kichwani na mabegani siku nne kwa miguu mpaka bandarini Lindi, mingine imefungwa kwa mianzi isivunjike, na yote kwa yote ilikuwa zaidi ya tani 200. Kwamba msimamizi mkuu wa wachimbaji aliitwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 wataalamu walimpa dinosaria mmoja jina lake, Australodocus bohetii. Tani 200, aliirudia hiyo. Yeye anajua mfuko wa simenti una uzito gani begani, siyo mimi.

Afu akampigia baba yake simu ya video. Mzee kule Lindi yupo barazani na kofia yake, mtandao unakata, tukamzungushia simu aone kutoka mkia mpaka kichwa. Akanyamaza mpaka tukadhani imekatika.

"Ndo huyo?"

"Ndo huyu baba."

"Mkubwa bwana." Akakaa kidogo. "Kuingia mmelipa?"

"Tumelipa baba."

"Na wewe umelipa?"

"Na mimi."

"Hukuwaambia unatoka Lindi?"

Mume wangu akacheka lakini mzee alikuwa hatanii. Tukatoka pale tukakaa nje kwenye ngazi, na ilipita nusu saa nzima nasubiri anizidishie tiketi kwa elfu tatu, hakuzidisha.

Ijumaa nikalipiziwa mimi niliyesema mijusi hainihusu. Kuna sehemu inaitwa mtaa wa Kiafrika, eneo la Wedding huko, stesheni yake inaitwa Afrikanische Straße, mitaa imepewa majina ya makoloni. Tulienda kuona barabara iliyokuwa na jina la Petersallee, ya Carl Peters, yule ambaye kwetu aliitwa Mkono wa Damu. Ujanja wao ni kwamba 1986 walisema jina libaki lakini sasa ni la Peters mwingine, mtu mwema aliyempinga Hitler, yaani kibao kilekile umebadilisha maelezo tu! Watu wakapiga kelele miaka na miaka, Agosti 2024 ndo likatolewa, na sasa kipande chake ni Maji-Maji-Allee. Tukapiga picha pale. Tunarudi, nimechoka, nainua macho kwenye kona naona Usambarastraße. Mtaa wa kawaida, ghorofa, mtu anatembeza mbwa. Nilisimama pale na viatu vinanibana, nikaipiga nikamtumia mama Lushoto. Akajibu kwa sauti, "Kuna baridi kama huku?" Nikamwambia ipo mama. "Haya, vaa sweta."

Zawadi tulipanga kununua Jumapili kabla ya ndege. Jumapili Ujerumani maduka yamefungwa. Yote! Yaani Jumanne haikunifunza kitu. Yaliyobaki wazi ni ya stesheni kuu, kwa hiyo ukoo mzima wa pande mbili umepata chokoleti zilezile, na wifi kampata mtoto anayekojoa wa sumaku wa kubandika kwenye friji, tulimnunua Brussels kwa utani. Kaubandika. Anaupenda.

Kilichonishangaza tumeshafika Dar, tumekaa tunakunywa chai, namuuliza baba Nasra hebu nieleze Tendaguru kwenyewe kukoje, akaniambia hajui. Hajawahi kufika. Ni kama kilometa sitini kutoka mjini Lindi na mtu kazaliwa pale kakulia pale! Ikabidi ampigie tena mzee kuuliza njia. Mzee kasema tusiende sasa, tungoje mwezi wa nane barabara ikikauka vizuri, tutafute kijana wa bodaboda anayekujua, na tubebe maji ya kutosha kwa sababu huko juu hakuna kitu, ni pori na mashimo.